Chumba Kikavu

Mkaguzi aligonga ukuta mara tatu kwa nyundo yake ndogo, akasogea hatua moja, akagonga tena. Mara tatu za kwanza ukuta ulijibu kwa sauti nzito, ya uchovu, kama kuta zote za Mtaa wa Kale. Mara ya nne ulilia ti! Mkaguzi akatabasamu kidogo.

"Nimulikie hapa, mkaazi," alisema.

Mwashi aliinua tochi. Hakuna aliyewahi kumwita mkaazi. Kwa miaka thelathini mtaa mzima ulimwita Mwashi, mkewe, tangu aolewe, aliitwa Mke wa Mwashi, na mama yake, ambaye sasa hivi alikuwa ameketi kitandani akisikiliza ukuta wake ukigongwa, aliitwa Mama wa Mwashi. Na huyu aliyemwita mkaazi alijifunzia kushika mwiko katika ua wa nyumba hii hii. Alikuwa akila hapa. Mke wa Mwashi alikuwa akimfulia mashati. Leo shati lake lilikuwa na kadi inayoning'inia shingoni, na kila alipoinama, kadi ilitangulia.

Mkaguzi alichukua patasi akabandua kipande cha lipu kisichozidi ukucha, juu kidogo ya kabati kubwa la nguo. Chini ya weupe wa chokaa palitokea rangi ya kijivu.

"Simenti," alisema.

"Haiwezekani."

"Gusa mwenyewe."

Mwashi aligusa. Alitaka kusema ni mchanga mchafu, au jivu, au lolote lile, lakini kidole chake kilikuwa kinaijua saruji kama kinavyoujua moto.

"Hii si kazi yangu," alisema.

"Sijasema ni ya nani," alijibu Mkaguzi, akiandika. "Nimesema ni simenti."

Mtu asiyekaa katika mitaa ya namna hii atacheka. Nyumba ni yako kuishi, ukuta unakulowesha, na bado lazima uombe ruhusa ya kuukausha. Lakini Mtaa wa Kale ulikuwa na sheria zake. Ukitaka kupaka mlango rangi, kulikuwa na rangi tatu. Hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwa na barua yake. Na juu ya yote, kuta zile za mawe zilipigwa lipu ya chokaa tu, chokaa iliyolowekwa pipani majuma kadhaa, kwa sababu chokaa huacha ukuta upumue. Saruji huuziba pumzi. Chumvi ya bahari ikikosa pa kutokea hulimbikizana ndani na kuyala mawe polepole, na baada ya miaka kumi ukuta ulioonekana mzima hudondoka wote kwa siku moja. Hayo Mwashi aliyajua kuliko yeyote. Ndiyo maana Ofisi ya Hifadhi ilimpa kazi.

"Una barua mbili za onyo tayari," Mkaguzi alisema. "Ya tangi la maji juu ya paa, na ya bawaba za mlango. Hii ni ya tatu."

Hakuna aliyeuliza barua ya tatu maana yake nini. Nyumba zilikuwa mali ya serikali ya mji, na mkaazi alikuwa na cheti tu, kama baba yake Mwashi alivyokuwa nacho. Barua ya tatu ilimaanisha kurudisha ufunguo.

"Nani kawaambia?" Mwashi aliuliza.

"Taarifa zilitufikia."

"Nani?"

Mkaguzi alitoa karatasi yenye muhuri wa Ofisi, akaipaka gundi, akaibandika nusu kwenye ubavu wa kabati, nusu ukutani. "Kabati lisisogezwe, ukuta usiguswe mpaka nirudi. Siku nane." Kisha akamgeukia mama wa Mwashi, na sauti yake ikalainika. "Shikamoo bibi. Kifua kinaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kifua hakijambo. Tangu mwanangu anitengenezee ukuta, silowi tena." Mama alikuwa na ukungu machoni, akamwelekea Mwashi mahali asipokuwepo. "Mungu akupe afya, baba. Nakushukuru kila siku."

Ni kweli alimshukuru kila siku, mwezi mzima sasa. Mwashi alidhani mama yake anazungumzia kiraka alichopiga zamani, akaitikia "Amina," akapita zake. Mtu akikushukuru huanzi kumhoji.

Mkewe alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

* * *

Mkaguzi alipoondoka, Mwashi alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lake la vifaa. Alivitoa kimoja kimoja akavipanga sakafuni: miiko mitatu, ubao wa kulainishia, nyundo, patasi, timazi na uzi wake. Mwiko mdogo aliuinua akautazama kwa muda. Ulikuwa safi kupita kiasi. Yeye huosha miiko, lakini haifuti kwa kitambaa mpaka iking'ae, na wala haipaki mafuta. Huu ulikuwa umepakwa mafuta. Akaunusa. Mafuta ya kupikia.

"Kuna mkono wa mtu humu ndani," alimwambia mkewe.

"Mkono wa nani?"

"Ndicho ninachokitafuta. Mtu kaingia kwenye sanduku langu, katumia mwiko wangu, kaniwekea simenti nyumbani kwangu nifukuzwe. Halafu huyo huyo kakimbia Ofisini kusema."

"Labda mtu alitaka tu chumba kikauke," mkewe alisema, akiosha maharage.

"Wewe hujui watu."

Mkewe alimwaga maji, akajaza mengine, akaendelea kuosha maharage yale yale.

Mtu wa kwanza kumjia akilini alikuwa Mama Wageni, mwenye nyumba ya wageni upande wa pili wa ukuta. Mwaka jana mama huyo alimwuliza kwa kicheko kama hachoki na nyumba kubwa hivi. Mwashi alicheka naye siku ile. Sasa kicheko kile kilimrudia kikiwa na meno.

Alimfuata asubuhi iliyofuata. Msichana wa mapokezi alimtazama viatu vyake vyenye chokaa akamwambia apitie mlango wa nyuma, ule wa mashuka machafu, kwa kuwa wageni walikuwa wanakunywa chai. Akapitia mlango wa mashuka machafu. Aliupiga lipu yeye mwenyewe ukumbi ule walimokuwa wanakunywa chai, na pembeni, chini karibu na sakafu, kulikuwa na alama ya dole gumba lake.

Hiyo ilikuwa desturi yake, na mtaa wote uliijua. Akimaliza ukuta, kabla lipu haijakauka, Mwashi huinama kwenye pembe ya kushoto, chini kabisa, akabonyeza dole gumba. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba kazi isiyo na dole ni kazi isiyo na mwenyewe. Wageni walipiga picha madole yale, wengine bila kujua ni ya mtu aliye hai.

"Jirani," Mama Wageni alisema, akikunja mataulo, "umekuja kuniuliza au umekuja kunihukumu?"

"Nimekuja kuuliza."

"Basi sikiliza. Ukuta ule ni wangu na wako. Ukianguka, unaangukia kitanda cha mgeni anayenilipa. Nikuwekee simenti, mimi nina wazimu?"

"Sijasema umeweka. Pengine umesema."

"Kumbe nimepandishwa cheo, sasa ni mpelelezi." Akaweka taulo chini. "Miaka yote hii tunaazimana ndoo, leo unanitazama kama mwizi. Mimi siweki saruji ukutani na sipeleki maneno Ofisini. Anza kwako. Nyumbani kwako mnalala watu wangapi?"

Alisema kwa hasira tu, hakuwa na maana yoyote. Lakini neno lile lilimkaa Mwashi kifuani njia nzima.

* * *

Nyumbani walilala watu wanne: yeye, mkewe, mama yake, na shemeji yake.

Shemeji alikuwa mdogo wake mke, mwanamume wa miaka arobaini asiyeoa, karani wa mizani katika ghala la bandarini. Alikuja kukaa wiki mbili, akakaa miaka mitatu. Alikula kidogo, alinunua sukari bila kuambiwa, na alikuwa mkimya kama maji mtungini. Siku zote Mwashi aliuona ukimya ule kuwa ni adabu. Jioni ile mezani aliuona kuwa ni kitu kingine.

"Ghalani siku hizi mnapokea nini?" aliuliza.

"Mchele. Mbolea." Shemeji alimega mkate. "Simenti kidogo."

Mkewe alisogeza birika.

"Simenti," Mwashi alirudia.

"Kidogo."

"Ikipasuka mifuko mnaifanyaje?"

"Inafagiliwa, inapimwa, inaandikwa."

"Yote?"

Shemeji aliinua macho, akamtazama dada yake kwanza, kisha Mwashi. Kule kumtazama dada kwanza Mwashi alikuona, akakufasiri anavyotaka yeye: mtu anayetafuta wa kumtetea. Akatazama viatu vya shemeji vilivyokuwa karibu na mlango. Vilikuwa na vumbi la kijivu. Vilikuwa na vumbi la kijivu kwa miaka mitatu.

Usingizi haukumjia vizuri siku zile. Alianza kuhesabu: nani alikuwa nyumbani wiki zile tano alizokuwa akipiga lipu jumba la makumbusho, akitoka alfajiri na kurudi hajiwezi? Nani mwenye nguvu za kusogeza kabati lile? Nani hakuwahi kuuliza chumba cha mama kimekaukaje? Kila swali lilijibiwa na mtu mmoja. Sikatai, msomaji, hata mimi ningemshuku. Ila kuna mtu mmoja Mwashi hakumweka kwenye hesabu kabisa.

* * *

Ofisi ya Hifadhi ilikuwa na benchi moja na foleni mbili. Mwashi alikaa kati ya mtu aliyetaka ruhusa ya dirisha na mwanamke aliyetaka ruhusa ya kengele. Wafanyakazi waliopita, waliozoea kumpigia kelele "Fundi mkuu!", siku ile walikumbuka kutazama makaratasi yao. Habari ilikuwa imekwisha fika. Bingwa wa chokaa kakutwa na saruji chumbani kwa mama yake.

Karani wa dirishani alikuwa mwanamke mwenye miwani, mwenye haraka lakini si mbaya. Alimsomea kanuni huku kidole chake kikifuata mstari.

"Mkaazi mwenye cheti au mwenza wake akifanya, nyumba inarudi. Mgeni wa nyumba akifanya bila mwenye cheti kujua, na mwenye cheti akamtaja kwa maandishi ndani ya siku saba, nyumba haihesabiwi kosa. Mgeni anaondoka, ukuta unabomolewa, yamekwisha." Akainua macho. "Una mgeni nyumbani?"

"Ninaye shemeji."

"Amefanya yeye?"

"Nani mwingine?"

"Baba, mimi naandika ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

Karani aliandika. "Simenti aliipata wapi?"

"Anafanya kazi ghala la bandarini."

"Ghala la simenti?"

"Kuna mchele pia. Na mbolea."

Mchele na mbolea karani hakuviandika. Mwashi alisomewa maelezo yake, na katika maelezo yale hakukuwa na neno wizi, angeapa kwa hilo. Kulikuwa tu na shemeji, na ghala, na simenti, katika sentensi moja. Akatia saini. Kutoka pale hadi nje alihisi wepesi, na aibu ndogo nyuma ya wepesi ule, ambayo aliikanyaga haraka akatembea.

* * *

Alimwambia shemeji mchana, wakati wa chakula, mbele ya mkewe, kwa sauti aliyoiandaa njiani.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nyumba hii ni ya mama yangu kufia humu. Niambie ukweli, uliweka wewe?"

Mkewe alifungua mdomo. "Baba, ngoja nikuambie..."

"Ni mimi," alisema shemeji.

Shemeji alikuwa anamtazama dada yake, akimtazama kwa nguvu, kama mtu anayeushikilia mlango usifunguke.

"Ni mimi, dada. Acha. Bibi alikuwa anakohoa sana. Sikujua kama ni kosa kubwa namna hii."

Mwashi alijisikia mshindi kwa muda mfupi sana. "Ulitumia mwiko wangu?"

"Nilitumia."

"Ukaupaka mafuta gani?"

Shemeji alisita. "Ya... ya mashine. Yale ya mizani."

Mwashi alikuwa na pua. Aliunusa mwiko ule mara tatu, na yalikuwa mafuta ya kupikia. Jambo lile alilijua wakati ule ule, mezani pale, akalimeza pamoja na tonge. Alikuwa amekwisha tia saini.

"Nimelazimika kuandika Ofisini," alisema. "Wanataka uhame. Ni hilo tu."

"Hilo tu," shemeji alisema. "Basi vizuri."

Alifunga begi moja. Mlangoni alivaa viatu vyake vya vumbi, akamkabidhi dada yake mfuko wa sukari aliokuwa ameununua asubuhi. Dada mtu aliushika kwa mikono miwili, akaingia ndani haraka, na Mwashi akasikia mlango wa jikoni ukifungwa.

* * *

Siku ya saba Mke wa Mwashi alikuwa uani anaanika nguo. Mama Wageni alimwita juu ya ukuta. Tangu siku ile ya mataulo hakuwa akisalimiana na Mwashi, lakini na mke hawakukosana.

"Mama, pole."

"Pole ya nini?"

"Hujasikia? Mdogo wako wamemsimamisha kazi bandarini. Barua imetoka Hifadhi, inasema simenti ya ghalani ilionekana kwenu. Wanasema ni wizi. Jana alitoka getini wakimpekua begi mbele ya wapagazi." Akashusha sauti. "Walimvua viatu, mama. Wakavikung'uta."

Mke wa Mwashi alikuwa ameshika shati la mumewe. Alilirudisha kwenye beseni, likiwa bado linachuruzika, akaingia ndani.

Mwashi aliporudi alimkuta chumbani kwa mama yake. Karatasi ya muhuri ilikuwa imepasuka katikati. Kabati lilikuwa limesogezwa hatua mbili, peke yake kalisogeza, na alama zake zilionekana sakafuni. Mama mkwe alikuwa amelala, amegeukia upande wa pili. Mkewe alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, mikono magotini.

"Umevunja muhuri! Una akili kweli? Kesho asubuhi anakuja!"

"Tazama chini," mkewe alisema. "Pembe ya kushoto."

Mwashi aliinama. Kwenye pembe ya kushoto, chini kabisa, palipokuwa pamefichwa na mguu wa kabati, kulikuwa na alama ya dole gumba. Ilikuwa ndogo, yenye mstari mwembamba unaoikata katikati. Mstari ule aliujua. Ulitokana na kisu cha jikoni, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na ni yeye aliyelifunga lile dole kitambaa.

Alikaa chini.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini." Hakupandisha sauti, kwa ajili ya mgonjwa. "Nilikuambia ukuta wa mama unatiririka, ukasema ukimaliza makumbusho. Nikakuambia godoro limeota kuvu, ukasema wiki ijayo. Nikakuomba chokaa ile ya pipani, ukasema ni ya Ofisi, nisiguse. Mvua ilikuwa inakuja. Mama alipokwenda kwa wifi siku nne, nikasema sasa. Nilinunua nusu mfuko wa simenti dukani, barabara ya juu, na chokaa kidogo ya kuifunika, risiti ninayo. Mdogo wangu alinibebea tu mpaka mlangoni. Hata mwiko hakugusa."

"Na ukaacha nimtaje!"

"Nilifungua mdomo, akanizuia. Alidhani ni kuhama tu. Wewe ulisema ni kuhama tu. Jana wamemvua viatu getini. Mtu ambaye hata punje ya mchele hajawahi kuiokota chini. Nilinyamaza kwa sababu ya nyumba, na sitajisamehe. Lakini sinyamazi tena."

Mwashi alitazama dole lile. Patasi ilikuwa sandukuni, hatua kumi kutoka pale. Kazi ya dakika moja. Akilibandua, nyumba imebaki, na shemeji amebaki mwizi.

"Na dole uliliweka la nini?" aliuliza. "Mtu anafanya kosa halafu anatia saini?"

"Nilikuwa nimemaliza ukuta," mkewe alisema. "Wewe ndiye uliyefundisha."

* * *

Mkaguzi alikuja saa tatu asubuhi. Aliona muhuri uliopasuka, akaona kabati, akashusha pumzi. Hakuna aliyetoa maelezo. Alipiga magoti pale kwenye pembe bila kuonyeshwa, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, ukiingia chumba kipya utazame pembe ya kushoto kwanza.

"Nani?" aliuliza.

Mwashi hakulala. Alikuwa amelifikiria usiku kucha, na alikuwa na jibu moja tu aliloliona kuwa la kiume. Nyumba ilikuwa imekwenda, hilo alilikubali. Asingemwacha mkewe asimame mbele ya kijana huyu aibishwe.

"Ni mimi," alisema. "Kazi ni yangu. Nimepiga mimi. Niandike mimi."

Mkewe alimgeukia. Mwashi alitegemea kuona shukrani, au machozi. Hakuona.

"Hata huu?" mkewe alisema. "Hata ukuta huu unauchukua?"

"Mke wangu, ninakusitiri..."

"Umeitikia shukrani za mama mwezi mzima na hujui hata ni za ukuta gani. Umemshuku jirani. Umemshuku mdogo wangu. Umeshuku mpaka wageni, mpaka nzi wa nyumba hii. Mimi hukunishuku hata siku moja. Nilikuwa nikikaa hapa kila siku nikingoja uniulize mimi. Mwiko unanuka mafuta ninayokukaangia, bado hukuniuliza! Unajua kwa nini? Kwa sababu kichwani mwako mimi siwezi kupiga lipu."

Kama lingekuwa tusi, Mwashi angelijibu.

Mkaguzi alikohoa. "Fundi," alisema, kwa mara ya kwanza tangu shughuli hii ianze, "weka dole lako basi."

Mwashi aliinama akaliweka. Halikuingia. Lilifunika alama yote na kubaki nje, nene, lenye sugu, la mtu mwingine.

Mkewe alisogea, akapiga magoti, akaweka lake. Likatulia mle, na mstari ukaulalia mstari.

"Andika," alisema. "Nusu mfuko, duka la barabara ya juu, risiti hii hapa. Uandike kwamba bandari haihusiki. Na nakala moja naitaka sasa hivi, yenye muhuri, niipeleke ghalani kwa mkono wangu."

Mkaguzi aliandika juu ya goti lake, akagonga muhuri, akampa nakala. Kisha akaandika karatasi ya pili, ya ufunguo. Siku thelathini. Aliiweka juu ya kabati kwa sababu hakuweza kumkabidhi mtu mkononi.

"Niambie kitu kimoja," Mwashi alisema. "Nani alisema?"

"Hakuna aliyesema." Mkaguzi alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilipita kumsalimia bibi, akaniambia chumba chake kimekauka. Fundi, mtaa huu mimi nimekulia. Hakuna chumba kikavu."

Akaondoka. Mke wa Mwashi alikunja nakala yake mara mbili, akajifunga mtandio.

Mwashi alikuwa ameleta timazi, asijue kwa nini. Alilitundika juu ya ukuta na kuuacha uzi ushuke. Ukashuka toka juu hadi chini sambamba na lipu, pasipo nafasi hata ya kupenyeza karatasi.

"Ulipimaje?" aliuliza.

"Sikupima. Nimekutazama miaka kumi na tisa."

"Umenyooka. Ningekuwa mimi ndiye mkaguzi..."

"Hukukagua," mkewe alisema, akatoka kwenda bandarini.

Mama wa Mwashi alijigeuza kitandani. Alipapasa ukuta kwa kiganja, kama alivyozoea kila akiamka, akaukuta uko pale pale, mkavu.

"Baba, mbona kelele? Kuna nini na ukuta wangu?"

"Mama," Mwashi alisema. "Ukuta huu sikuutengeneza mimi. Alitengeneza mkwe wako."

Mama aliuacha mkono ukutani.

"Kumbe wewe nilikuwa nakushukuru bure."

"Ndiyo, mama. Bure."

"Basi niitie mkwe wangu, nimshukuru."

Mwashi alitazama mlangoni.

"Ametoka, mama."